Matone kwenye Kiti cha Mkwe

Naanza na aibu yenyewe ili niimalize, mengine yafuate: nilichafua kiti cha baba mkwe. Sikukimwagia chai. Nilikichafua kwa damu, damu ya mwanamke, tena mwenyewe nikiwa nimelala juu yake mchana kweupe, mdomo wazi kama samaki wa kuanikwa.

Mtu wa kwingine atasema, ni kiti tu, si unafuta? Labda huko anakotoka. Kwetu Bujonde, huku Kyela, mkamwana, yaani mke wa mtoto wako, hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hamsalimii, jina lake halitamki kabisa. Akimwona anakuja njiani anaingia kwenye migomba na kusubiri apite. Mimi niliolewa pale, nikazaa watoto wanne, na mzee yule nilikuwa namjua kwa mgongo, kwa kofia na kwa kikohozi. Kikohozi ndiyo ilikuwa honi yake. Akikaribia uani anakohoa, na sisi wake wa watoto wake tunatawanyika kama kuku wameona mwewe. Yeye naye aliishika heshima upande wake. Akiwa na neno na mimi anamwambia mama mkwe, mama mkwe ananiletea.

Sasa mtu ambaye huruhusiwi hata kumwangalia, wewe unamwachia vile kwenye kiti chake. Na kiti chenyewe si kigoda cha kuchonga kwa fundi. Kilikuwa cha turubai, cha kukunja, alirudi nacho ujanani kutoka kwenye migodi ya shaba Zambia. Turubai lake lilikuwa jeupe, au lilikuwa jeupe mpaka nilipofika mimi.

Ngoja nieleze nilivyofika hapo, nisionekane sikuwa na akili hata kidogo. Kidogo nilikuwa nayo.

Mtoto wa nne alinitoa roho akanirudishia. Ilikuwa masika, barabara imekatwa na maji, nikapakiwa kwenye tela la trekta kama gunia la kakao, nafika hospitali sijui hata ni asubuhi au jioni. Waliniongezea damu. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alikuwa anakunja mashuka, na huku anakunja akaniambia nipumzike na kuzaa. Akasema nikirudi mapema na tumbo jingine, hajui kama wataniona nikitoka. Hakunitazama, alisema na shuka. Ndiyo maana neno lile liliniingia. Angenitazama ningejua ananitisha tu.

Kwa mume wangu watoto wanne walikuwa mwanzo mzuri. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa Kasumulu, mpakani. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, mtu yeyote mwenye miguu na baiskeli alishakuwa mfanyabiashara. Wangu alivusha mchele mto Songwe kwenda Malawi, akarudi na kilichopatikana, na nyumbani alikuja alipokuja. Hakuna taarifa. Unasikia kengele ya baiskeli, huyo hapo. Kuhusu kupumzika na kuzaa nilijaribu kumwambia mara moja, akacheka, akasema mama yake alizaa tisa na bado anabeba kuni. Na mama yake kweli alikuwa bado anabeba kuni.

Basi nikaenda kliniki kimya kimya, siku ya kumpima mtoto uzito, nikaomba vidonge vya majira. Muuguzi wa kliniki alinieleza namna ya kuvimeza, na alieleza vizuri, simlaumu. Mimi ndiye sikuwepo. Nyuma yangu kwenye benchi alikuwa amekaa jirani wa mama mkwe, mwanamke mwenye shingo ndefu ya kuchungulia, na akili yangu yote ilikuwa kwenye khanga, nizibe pakiti asiione. Kila muuguzi alipotulia nilisema ndiyo. Nilisema ndiyo nyingi sana siku ile. Nilipofika nyumbani nikagundua sina maelekezo yoyote kichwani, nina pakiti tu.

Kurudi kuuliza ni aibu, kwa hiyo nikatumia elimu yangu. Shule niliiacha kabla hatujafika kwenye somo la uzazi, nikaenda kulisomea kwa vitendo. Kwa elimu hiyo nikapiga hesabu hivi: kidonge kinazuia mimba, mimba inaletwa na mume, mume akiwepo nameza. Mume akiwa Kasumulu, nameza cha nini? Si ni kuharibu mali ya serikali? Nikajiona mama mwenye kubana matumizi. Pakiti nikaizika ndani ya pipa la mpunga, na kila nikisikia kengele ya baiskeli nakimbilia pipani, nachimbua, nameza, natoka uani nikiwa na makapi mkononi, namsalimia bwana. Kuna siku alikuwa amekuja kubadilisha shati tu akaondoka, na kidonge kimeshaingia.

Ndipo yakaanza matone.

Siku zangu nazijua, hizi hazikuwa siku. Yalikuwa matone. Leo ya kahawia, kesho mekundu, kesho kutwa hakuna kitu, nafua vitambaa vyangu nashukuru Mungu, naviweka, mtondo yamerudi. Kama bomba ambalo mtu amelifunga vibaya akaenda zake. Vitambaa nilikata fulana za mtumba, maana mitumba ilishajaa mpaka unachagua. Nilikuwa na moja ya kijani yenye picha ya meli, ikafa vipande vipande kwa ajili yangu. Nikavaa sketi nyeusi kila siku mpaka jirani mmoja akanipa pole ya msiba.

Lakini lililonichosha hasa ni chungu. Kwa mama mkwe, mwanamke akiwa kwenye siku zake hapiki chakula cha mume wala cha wazee, na mbegu za mpunga hagusi. Anajipikia pembeni, chungu chake. Mimi nilikuwa na kimoja cha Wakisi, wanavileta kutoka upande wa Matema, kizuri kabisa. Zamani nilikipenda chungu kile. Kukitoa ilikuwa kama likizo, mke wa shemeji yangu anashika sufuria kubwa ya nyumba nzima, mimi nakaa na ndizi zangu mbili. Baadaye zamu inageuka, na mimi napika yeye anapumzika.

Sasa niambie, matone ni siku au si siku? Ningemuuliza nani? Nikisema ni siku, mke wa shemeji anapika mwezi mzima, na jicho analonitupia linaiva kabla ya wali. Nikisema si siku, nampikia mzee wa watu nikiwa vile, na akiumwa tumbo najua ni mimi. Na mzee alikuwa mtu wa kuumwa tumbo hata bila msaada wangu. Basi leo natoa chungu, kesho nashika sufuria, kesho kutwa chungu tena. Mama mkwe hakugomba. Alikuwa anapita, anakitazama chungu, anasema, "Leo tena?" Anaendelea na safari yake. Ningependa angegomba.

Nilichoka uchovu ambao hauonekani. Kuamka kabla ya wenzangu niwahi mtoni kufua, kuanika kitambaa chini ya khanga ili kisionekane, nacho hakikauki vizuri kwa sababu kiko chini ya khanga, kukivaa hivyo hivyo kibichi. Mtoto ananyonya. Kyela joto lake mnalijua. Nikaanza kufikiri labda vidonge vinanioza ndani, niviache. Halafu nakumbuka yule muuguzi na mashuka yake. Nikiviacha, tumbo. Nisipoviacha, matone. Hapo ndipo nilipokuwa nimekaa, katikati, sina pa kuegemea.

Ndiyo maana nilipoona pa kuegemea, niliegemea.

Ulikuwa wakati wa mavuno. Mzee alikuwa ameenda mazishini Katumba Songwe, na mazishi ya kwetu mtu hawahi kurudi. Mama mkwe na wengine walikuwa shambani wanabeba mpunga. Mimi niliachwa uani kupepeta na kufukuza kuku kwenye mpunga ulioanikwa, mtoto amelala ndani. Nilipepeta tangu asubuhi. Jua lilipopanda nikakiona kiti kimekaa chini ya mapaa, kwenye kivuli, hakina mtu. Nikajiambia sitakaa, nitashusha mgongo tu. Turubai lile likanipokea kama linanijua.

Kilichoniamsha ni kikohozi. Nataka mjue kwamba adabu inaingia mpaka miguuni, kwa sababu nilipozinduka miguu ilikuwa imeshafika kwenye migomba, mimi nyuma. Nikainama pale, natweta, najipongeza kwamba hajaniona. Halafu nikasikia khanga imenigandia nyuma. Nikaivuta nikaitazama. Kisha nikatazama kiti, katikati ya majani.

Mzee alikuwa amesimama mbele yake.

Siwezi kutoka kukichukua, yeye yupo. Siwezi kupaza sauti, sauti yangu hatakiwi kuisikia. Yeye naye hawezi kuniita. Akageuka kutazama kwenye migomba, akakumbuka kwamba hatakiwi kuniona, akageuza uso haraka akatazama paa. Tukasimama hivyo, yeye uani, mimi migombani, kiti katikati, tunaheshimiana.

Mwishowe alitembea polepole mpaka ukutani, akachukua gunia tupu, akakifunika kiti. Alikifunika taratibu, akalinyoosha mpaka kwenye pembe, kama unavyomfunika mtu aliyelala. Halafu akazunguka nyuma ya nyumba akikohoa njia nzima, kikohozi kirefu kisicho na kifua, nijue kwamba njia iko wazi.

Nilikimbia na kile kiti mpaka mtoni. Nikakisugua kwa majivu, nikakisugua kwa sabuni ya mche. Doa lilitoka kwenye wekundu likafika kwenye rangi ya chai, hapo likagoma. Nikakirudisha chini ya mapaa, nikakifunika na gunia lake. Jioni ile mzee alikalia kinu kilichogeuzwa. Kama amekasirika sikuweza kujua, kwa sababu hasira inakaa usoni, na uso sina ruhusa.

Siku ya pili mama mkwe akaja kwangu. Alikaa mkekani, akanyoosha miguu, akaniuliza habari za mtoto, habari za kuku, akaishiwa habari.

"Mwanangu," akasema, "ni mimba imetoka?"

Nikasema hapana, mama.

"Basi ni nini? Mzee hali vizuri tangu jana. Anasema mkamwana anaumwa, na nyumba nzima tunamtazama tu anapepeta."

Kumbe mzee alikuwa ameshatuma mtu wa baiskeli Kasumulu, mume wangu aje anipeleke hospitali. Na mpaka afike, nisiguse ungo. Mama mkwe mwenyewe alikuwa amebeba birika la mizizi, dawa ya kusafisha kizazi. Akanimiminia, akasema kwa upole kabisa kwamba nikishasafishika nitabeba vizuri, mwakani tutacheka. Nikanywa. Ilikuwa chungu mpaka masikio yalisikia. Nilikunywa macho yangu yako kwenye pipa la mpunga, naomba dawa ya mama na vidonge vya kliniki visikutane tumboni vikauliza kila mmoja ametumwa na nani.

Hapo nikaona mambo yamefika. Mume anakuja. Hospitali wataniuliza mbele yake natumia nini. Pakiti itatoka nje, nitaambiwa niache, na nikiacha, mwakani nacheka au nazikwa.

Nikasema naenda mjini kununua chumvi. Kyela mjini nilikuwa na rafiki, mke wa mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa hapo hapo ila babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa bado kina pwani ndani yake. Tulijuana kwa sababu nilikuwa napapasa vitenge vyake bila kununua, naye alikuwa hanifukuzi. Alinikalisha nyuma ya duka katikati ya marobota, nikamwambia yote: kiti, gunia, birika. Alisikiliza. Akauliza navimeza vipi. Nikamweleza mpango wangu, kengele ya baiskeli na pipa.

Alicheka mpaka akashika robota. Halafu kicheko kikaisha ghafla, akanitazama kama mtu aliyemwona mtoto amekaa ukingoni mwa kisima.

"Shoga, kile kidonge hakimjui mumeo," akasema. "Kinakujua wewe. Unameza kila siku, awepo, asiwepo, hata akihamia Malawi moja kwa moja. Wewe ulivyofanya, ni bahati tu huna mtu tumboni saa hizi."

Nikamuuliza nitajuaje kama sina. Alichukua mtandio wake akanipeleka kliniki.

Muuguzi ni yule yule. Alinipima kwanza, mimi natazama dari, nahesabu maisha yangu. Hakukuwa na mtu. Akanieleza upya, na safari hii sikusema ndiyo hata moja kabla sijaelewa. Alisema matone yanatokana na kumeza na kuruka, mwili unashindwa kujua ufunge au ufungue. Alisema hata wanaomeza vizuri wengine wanayapata miezi ya mwanzo, kisha yanatulia, ila yakija mengi au yakija na maumivu nikimbilie pale. Na kwa kuanza upya, juma zima la kwanza mume akae mbali au tutumie kinga. Nikamwambia hilo dogo, Kasumulu itanisaidia.

Haikunisaidia. Nilifika nyumbani na chumvi yangu, na kesho yake mchana kengele ikalia. Mume wangu alikuja bila mzigo. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu mtu yule hakuwahi kurudi na baiskeli tupu. Alikaa kizingitini, nikampa maji, hakunywa. Mimi nilikuwa nimeshatunga uongo wangu, wa jua na kizunguzungu, ila aliniwahi.

"Unaumwa nini?" akasema. "Niambie kweli."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Miaka ile kule mpakani watu walikuwa wanakonda na kuzikwa, madereva, wafanyabiashara, wanawake wa nyumba za wageni, na kwenye mazishi hakuna anayetaja ugonjwa. Nikaelewa kwamba haniulizi mimi peke yangu.

"Njia nzima nilikuwa najiuliza kama ni mimi nimekuletea," akasema.

Ningeweza kumuuliza ameniletea nini, na amekitoa wapi. Mwanamke mwingine angeuliza. Mimi nilikuwa nimechoka, na swali lile lilikuwa linahitaji mtu aliyelala. Niliingia ndani, nikazamisha mkono kwenye pipa mpaka kiwiko, nikatoka na pakiti, nikamwekea gotini na makapi yake.

"Ugonjwa wenyewe ndio huu."

Nikamwambia yote. Yule muuguzi na mashuka, mpango wangu wa kubana matumizi, nilivyosahihishwa, na lile juma la kukaa mbali. Aliigeuza pakiti, akasoma nyuma, akaigeuza tena, kama karatasi za forodha. Kuku walikuwa wanakula mpunga uani, hakuna aliyewafukuza.

"Mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka nipumue."

Akanywa yale maji yote kwa mkupuo. Akasema haya. Akasema mama asijue, nikamwambia mama hajui. Akasema yeye atamwambia mzee kwamba ni damu tu, hospitali wametoa dawa, jambo ambalo halikuwa hata uongo. Kisha akainuka, akaenda mwenyewe pipani, akaifukia pakiti chini kabisa, akasawazisha mpunga juu yake ukawa laini. Mtu wa mpakani, kuficha anajua. Siku nzima iliyobaki alikaa na baba yake. Hakufurahi, wala siwezi kusema alikubali kwa moyo. Nadhani alikuwa amejitayarisha kupokea kubwa zaidi, hili likampita chini ya mkono.

Nikameza kila siku. Matone yakapungua, yakawa alama tu, yakakata. Mama mkwe akaamini ni mizizi yake, akawapelekea na wengine. Mzee alikalia kiti chake tena, juu ya gunia. Na kwa kuwa nilikuwa mzima, chungu kikarudi uvunguni, ungo ukarudi mkononi, na mke wa shemeji, ambaye alikuwa amenipikia kwa muda mrefu bila kusema kitu, akanikabidhi sufuria kubwa ya nyumba nzima na akaenda kwao kusalimia.

Nilipopata nafasi nikapita mjini kumshukuru rafiki yangu. Nikamwambia ndaga, nikamwambia mume amekubali, matone hakuna, tumbo hakuna, sasa napumzika. Nilisema hivyo nimesimama, kwa sababu nikikaa nilijua sitainuka, mtoto mgongoni, mfuko wa mchele kichwani wa kupeleka kwa wateja wa mume, na makapi bado kwenye nyusi. Alinitazama toka juu mpaka chini, akanyanyuka akanitua ule mfuko.

"Umepumzishwa kuzaa, shoga," akasema. "Kidonge cha kukupumzisha na mpunga hakijaja bado. Kikija dukani nitakuwekea."